Kuwaandaa Wataalamu Wetu Waendao Ughaibuni

(Mada iliyotolewa kwa wanajumuiya, Segerea)



Nimeombwa niseme juu ya vijana wetu wenye taaluma, hasa wauguzi, wanaofunga safari kwenda kufanya kazi Uingereza, nchi za Ghuba na kwingineko. Nasema kama muuguzi mstaafu aliyepita njia hiyo.

Wageni waliokuja kwetu waliandaliwa. Wamisionari wengi waliofika Tanzania walipelekwa kwanza Makoko, karibu na Musoma, katika chuo cha lugha cha wamisionari wa Maryknoll. Huko walijifunza Kiswahili, na pamoja nacho namna ya kumwamkia mzee na kukaa msibani, kabla ya kukabidhiwa kazi. Kijana wetu aendaye kwao hupewa chanjo, viza na tiketi.

Ni kweli kwamba aendaye Uingereza hufanya mtihani wa lugha, wa nadharia na wa vitendo. Ni mitihani migumu, wala siidharau. Lakini haimwambii yatakayompata wodini.

Nilikuwa na majuma matatu tu katika hospitali moja ya huko nilipoona daktari kijana ameandika kipimo cha dawa kilichozidi mno. Nilinyamaza. Nilivyolelewa, na nilivyofundishwa kazi, muuguzi hamsahihishi daktari mbele ya mgonjwa. Nilikusudia kumngojea nje. Kwa bahati mfamasia aliliona kosa kabla dawa haijatolewa. Muuguzi mkuu akaniuliza kama nami nililiona. Nikajibu kwamba nililiona. Akaandika katika jalada langu kuwa sina uwezo wa kuamua. Heshima niliyotoka nayo nyumbani ilisomwa kuwa ujinga, na hapakuwa na mtu wa kunieleza. Nami nakiri: mgonjwa yule angeweza kufa kwa adabu yangu.

Yapo na madogo, yanayochekesha tukiwa hapa. Kiongozi wa zamu aliniuliza kwa upole kama ningependa kutandika vitanda vya upande wa pili. Nikamshukuru, nikasema sipendi. Kumbe ilikuwa amri! Nami nilipoitika "ndiyo", nikimaanisha nimekusikia, wao walielewa kwamba nimekubali na nitatenda sasa hivi.

Kwa nini jambo hili liletwe katika Haki na Amani? Kwa sababu asiyejua desturi za mahali hajui ni lini anaonewa. Akinyang'anywa pasipoti na mwajiri atadhani ndio utaratibu wa nchi. Akidharauliwa atadhani ndiyo mila yao. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za kuajiri watumishi wa afya kimataifa. Kanuni hizo, ingawa hazina nguvu ya sheria, zinataka watumishi hao wapewe mafunzo ya kuwazoesha mazingira ya kazi ya nchi waendayo. Basi si hisani ya mwajiri.

Wenzetu wa Kenya walitiliana saini na Uingereza mwaka 2021 makubaliano juu ya watumishi wa afya. Tanzania imo katika orodha ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa, ambazo Shirika hilo linataka zisifuatwe na waajiri wa nje. Nia ni njema, maana wodi zetu zinahitaji watu. Hata hivyo kijana huondoka kwa hiari yake, na kwa kuwa hakuna aliyemwita rasmi, huondoka peke yake.

Naogopa pia semina za mawakala zinazomfundisha mtu kutii na kushukuru tu. Huko ni kumfuga mtu. Aandaliwe kutii, naam, lakini pia kusema "daktari, hapa pana kosa", na kumwuliza mwajiri, "mbona saa zangu za ziada hazimo?"

Naomba basi jumuiya zetu zianze na kilichopo. Wakati wa Noeli baadhi ya watoto wetu walioko nje huja likizo. Tuwaketishe na wale wanaongojea viza, Jumamosi mbili, bila wazazi kuwepo, maana mbele yetu hawatasimulia ya aibu. Mimi nitaleta mkataba wangu wa zamani, tuusome mstari kwa mstari, pamoja na lile jalada.