Nyumba Baridi na Bei ya Moto

Mada kwa viongozi wa walei na wanajumuiya



Ndugu wapendwa wa Musoma, Bunda na Butiama, tunapokutana kwa jina la haki na amani tumezoea kuzungumzia ardhi, wizi wa mifugo, ukeketaji na uchaguzi. Leo tunaomba tuzungumzie moto, yaani kuni, mkaa na kila kitu kinachopika uji wa mtoto na kumpa mzee joto usiku. Huenda baadhi yetu watasema kwamba hilo ni jambo la jikoni, si la Tume. Tutajaribu kuonyesha kwamba ni jambo la haki, tukifuata njia tuliyoizoea katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo za Kikristo: kuona, kuamua na kutenda.

1. TUONE

Mtu wa Ulaya akisikia kwamba watu wa Mara wanaona baridi atacheka, kwa kuwa kwao baridi ni theluji. Lakini baridi hupimwa kwa mwili ulionao na blanketi ulilonalo. Ziwa letu lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Butiama viko juu zaidi. Usiku wa mvua za masika, upepo unapovuma kutoka ziwani, au alfajiri za Juni na Julai, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, bibi mwenye miaka themanini na mgonjwa aliyekonda hawahitaji theluji ili wateseke.

Nyumba za wazee wetu zilijengwa kwa udongo na nyasi, na nyingi zilikuwa na figa ndani yake. Moto mmoja ulipika, ulikausha nguo, ulifukuza mbu na kuwapa joto waliolala. Nyumba ya bati ina faida zake, nasi hatusemi turudi nyuma: bati halishiki moto upesi kama nyasi, tena huvuna maji ya mvua. Hata hivyo bati lisilo na dari hupoteza joto mara jua linapotua. Jiko nalo limehamia nje au kwenye kibanda chake, na chumba cha kulala kimebaki bila moto. Hivyo baridi imeingia ndani wakati ule ule moto ulipoanza kuuzwa.

Kwa nini moto unauzwa? Sababu ni nyingi. Watu wameongezeka na miti imepungua. Pwani ya ziwa, sangara aliyeletwa ziwani katika miaka ya 1950 alibadili hata matumizi ya kuni: samaki wadogo wa zamani walikauka juani, lakini sangara ana mafuta mengi, naye hukaangwa au kubanikwa kwa moto. Bunda, mkulima wa pamba hupata miti ya pamba baada ya mavuno, lakini hiyo huwaka upesi na kwisha upesi. Vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti vinaona kuni kwa macho, ila sheria hairuhusu kuziokota ndani ya hifadhi, na mama anayevuka mpaka huo anajihatarisha kwa askari na kwa wanyama pia. Sehemu zisizo na miti kabisa, watu huchoma mabua na samadi kavu, ambayo ilipaswa kurutubisha shamba.

Tutazame sasa bei. Mwenye mshahara hununua gunia zima la mkaa. Mama anayeuza dagaa hununua kopo moja leo na kopo jingine kesho, na akijumlisha makopo yake mwisho wa mwezi, ameulipia mkaa ule ule fedha nyingi kuliko mwenye gunia. Gesi ni vivyo hivyo. Mtungi mdogo wa kilo 6 umekuwa ukitolewa kwa bei ya ruzuku kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, nalo ni jambo jema. Lakini kujaza tena kunadai fedha nyingi kwa mkupuo, na anayepata kipato chake siku kwa siku hana mkupuo. Ndiyo maana mitungi mingine imegeuka pambo la nyumba. Tukumbuke pia mwaka 2011, ushuru wa mafuta ya taa ulipopandishwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita. Nia ilikuwa kuwazuia wafanyabiashara waliochanganya mafuta ya taa na dizeli, yaani uchakachuaji. Nia hiyo ilieleweka. Lakini aliyelipa kila jioni ni bibi mwenye kibatari, ambaye hakuchakachua chochote.

Ni nani anayebeba mzigo huu? Ni mama na binti. Binti ndiye anayetumwa kuni, na saa za kuni hutolewa katika saa za masomo na za kupumzika. Mama ndiye anayeinamia moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 wasiofikia miaka mitano. Wengi wa watoto hao hufa kwa ugonjwa ule tunaouita kichomi, nasi kwa haraka huilaumu baridi peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo ni aibu ya Kanda yetu ya Ziwa. Moshi wa miaka hamsini huyafanya macho ya bibi kuwa mekundu. Katika kanda hii, macho hayo mekundu yamechukuliwa kuwa alama ya uchawi, na wazee wanawake wamefukuzwa, wamekatwa mapanga na kuuawa kwa sababu hiyo. Tulitafakari vema jambo hili. Mama amepikia ukoo mzima juu ya mafiga matatu, amekuza watoto na wajukuu kwa moshi ule, na mwisho jeraha alilolipata kwa kutuhudumia linakuwa ushahidi dhidi yake. Hapo jiko limekwisha kuwa suala la uhai na kifo.

2. TUAMUE

Neno la Mungu halioni haya kuingia jikoni. Kitabu cha Maombolezo, baada ya Yerusalemu kuanguka, kinahesabu mateso ya watu, na miongoni mwake ni kwamba maji yao na kuni zao wamezipata kwa fedha. Nabii Eliya alipofika Sarepta alimkuta mjane akiokota vijiti ili apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe. Mungu alianzia hapo, penye kuni chache na unga kidogo.

Sheria ya Musa inakwenda mbali zaidi. Katika Kutoka, sura ya 22, aliyechukua vazi la maskini kuwa rehani anaamriwa kulirudisha kabla jua halijatua, kwa sababu ndilo analojifunika usiku. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni kuuchukua uhai wa mtu. Mungu hakukataza kukopeshana. Amekataza deni lisimwachie mtu baridi na njaa.

Ndugu zetu, amri hii inatugusa leo. Mikopo inayoitwa kausha damu imeenea mijini na vijijini. Mama akishindwa marejesho, wanakuja kuchukua godoro, mablanketi, sufuria na mtungi wa gesi. Na tusiwanyoshee kidole watu wa mbali tu. Vipo vikundi vya kuweka na kukopa ambavyo wanachama wake ni Wakristo, wanaofungua kikao kwa sala na kukifunga kwa kwenda kubeba godoro la mjane. Jua linatua, na vazi halijarudi.

Mtume Yakobo naye, katika sura ya pili ya waraka wake, anamkemea Mkristo anayemwambia ndugu asiye na nguo wala chakula aende zake kwa amani, akaote moto na kushiba, bila kumpa kitu. Ni ajabu kwamba Mtume alitaja hasa kuota moto. Heri na baraka zisizo na ukuni hazimpi mtu joto.

Mafundisho ya Kanisa yanatuambia kwamba mali za dunia ziliumbwa kwa ajili ya watu wote. Papa Fransisko, katika waraka wake *Laudato Si'* wa mwaka 2015, aliita dunia nyumba yetu sote, na akafundisha kwamba hatuwezi kusikia kilio cha maskini tukaziba masikio kwa kilio cha ardhi. Kwetu hapa vilio hivyo viwili vinatoka jikoni pamoja. Mti unaokatwa bila kupandwa mwingine ni kuni za leo na baridi ya kesho. Wala tusimhukumu mama aliyekata mti, huku sisi tukimnyima njia nyingine ya kupika.

3. TUTENDE

Kwanza, tulinde uhai. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba cha kulala ili kuleta joto. Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hupitiwa na usingizi na asiamke. Familia nzima zimekufa hivyo katika nchi yetu. Kila kiongozi wa jumuiya alitangaze hili kabla ya masika na kabla ya Juni.

Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, afunikwe pamoja naye na kuvishwa kofia. Njia hii ilianza Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokosa mashine za kutosha za kuwapa watoto joto. Leo inapendekezwa duniani kote. Baba pia anaweza kumbeba. Joto hilo halinunuliwi.

Pili, nyumba ihifadhi joto iliyo nalo. Dari ya mianzi, mikeka au magunia safi chini ya bati husaidia sana. Ziba kwa udongo nyufa za chumba cha kulala, ila jikoni pawe na tundu la kutolea moshi. Asiye na kitanda atandike nyasi kavu nyingi chini ya mkeka, kwa kuwa sakafu hunyonya joto la mwili usiku kucha.

Tatu, moto mdogo ufanye kazi kubwa. Maharage yalowekwe tangu jioni. Kuni zikaushwe na kupasuliwa. Sufuria ifunikwe. Jiko banifu la udongo hujengwa kwa mikono yetu wenyewe. Chakula kikishachemka vizuri, sufuria iwekwe ndani ya kapu lililojazwa matambara au majani makavu na kufunikwa. Kitaendelea kuiva bila moto. Wenye ng'ombe wanaofungiwa zizini wafikirie mtambo wa gesi ya samadi: gesi hupika, na masalia hurudi shambani. Palipo na umeme, tujifunze kwamba sufuria ya presha ya umeme hupika maharage kwa kiasi kidogo cha LUKU kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Nne, jumuiya zitende kwa pamoja. Familia tano zikichanga na kununua gunia moja, hata maskini atapata mkaa kwa bei ya tajiri. WAWATA wanaweza kuanzisha mfuko wa kujazia gesi, kila wiki senti kidogo. VIWAWA waukarabati ukuta wa bibi anayeishi peke yake na kumpelekea kuni, tena wamtembelee mchana, waonekane, ili kijiji kijue kwamba bibi huyu ana wenyewe. Na kila kikundi cha kukopeshana chenye waamini wetu kiandike katika katiba yake: hatuchukui godoro, blanketi, sufuria wala jiko la mtu kuwa rehani. Atakayeona sharti hili ni gumu asome tena Kutoka, sura ya 22.

Tano, tuseme na wenye mamlaka kwa heshima na bila woga. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Jirani zetu wa Shinyanga, kupitia mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986, waliyarudisha mashamba yao ya ngitili, na nchi iliyokuwa ikielekea kuwa jangwa ikapata tena malisho na kuni. Hoja hiyo ipelekwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Tuulize kijijini: katika asilimia hiyo, mjane wetu yumo, au yumo katika ile 20 inayobaki? Mwaka huo huo lilianza kuzalisha umeme bwawa la Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, linaloitwa kwa jina la mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere. Si kosa kutamani kwamba umeme wa jina hilo upike ugali pia katika nyumba za wakulima aliowatetea.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika jumuiya yetu, ni nani anayelala na baridi? Tuwataje, tupange nani atawatembelea na lini.
2. Mama anayenunua mkaa kwa kopo hulipa kiasi gani kwa mwezi, akilinganishwa na anayenunua gunia? Tupige hesabu pamoja.
3. Je, kikundi chetu kimewahi kuchukua vyombo au matandiko ya mdaiwa? Vitarudi lini?
4. Tutafanya nini mtu akimshutumu mzee kwa sababu ya macho mekundu?
5. Ni eneo gani la kijiji linaloweza kuwa msitu wetu?

Bwana aliyewawashia wanafunzi wake moto wa makaa ufukoni, wakiwa wamechoka na usiku wa uvuvi, atujalie kuwashiana moto sisi kwa sisi. Amina.