Mzee Majuto, Mchekeshaji wa Tanga

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi habari za mtu wa Tanga aliyewachekesha watu wa Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi. Wazazi wake walimwita Amri Athumani. Lakini hapa kwetu Ngamiani, na Dar es Salaam, na Mombasa, alijulikana kwa jina la Mzee Majuto.

Alizaliwa Tanga mwaka 1948, akaanza kuigiza angali mtoto. Kwanza alicheza jukwaani mbele ya watu. Baadaye michezo yake ikatiwa katika kanda za video, kisha ikawa filamu za kuuzwa madukani na kuonyeshwa vibandani.

Katika filamu nyingi hadithi huwa ya kijana na mchumba wake. Majuto hakuwa kijana huyo. Yeye alikuwa baba bahili, au mzee mbishi, au mjanja anayenaswa na ujanja wake mwenyewe. Hata hivyo watu walinunua filamu kwa ajili yake. Sababu ni nini? Alijua kuwatazama binadamu. Alipotoa macho, au alipopandisha sauti ghafula, tulimtambua jirani yetu, na pengine tulijitambua sisi wenyewe. Mchekeshaji mwema humwonyesha mtu kosa lake pasipo kumtukana.

Mwaka 2018 aliugua sana, akapelekwa India kutibiwa. Ndipo watu walipouliza: mtu aliyependwa hivi, kazi yake imempa nini? Mwaka huo huo waziri aliyesimamia sanaa, Dkt. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kuchunguza mikataba ya wasanii, na mikataba ya Majuto ilikuwa miongoni mwayo. Tarehe 8 Agosti 2018 alifariki katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, akarudishwa kwao, akazikwa Kiruku, Tanga.

Wahenga walisema, majuto ni mjukuu, huja kinyume. Basi ninyi wanafunzi, msitie sahihi karatasi msiyoisoma na kuifahamu; na asiyejua kusoma na amtafute msomaji mwaminifu. Nasi watazamaji yatupasa kukumbuka kwamba anunuaye nakala ya wizi humnyima msanii ujira wake. Kicheko ni kazi kama kilimo na uvuvi, na mfanya kazi hustahili malipo yake.