Dawa ya Pilipili Hoho na Tuta Lisilotiwa Dawa

(Hotuba iliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa wanachama)



Bwana Katibu aliponiomba niseme neno katika mkutano huu, nalidhani atanitaka nizungumze juu ya majalada au mishahara, maana hayo ndiyo tuyajuayo sote. Lakini aliniambia, "La, tueleze habari za pilipili zako." Hapo nikatambua ya kuwa habari za aibu yangu zimekwisha kufika ofisini. Basi, kwa kuwa zimefika, ni afadhali mzisikie kwa kinywa changu mwenyewe.

Wengi wetu tukiisha kufunga madaftari jioni hushika jembe, wala si jambo la kuona haya, kwa kuwa mshahara peke yake hautoshi ada za watoto. Mimi nina matuta machache kando ya kijito, huko kwetu milima ya Usambara, nami hulima pilipili hoho, yaani zile kubwa zisizowasha, ambazo wengine huziita pilipili mboga. Msimu mmoja, mvua zilipokuwa nyingi, naliona madoa madogo katika majani, kama yaliyolowa maji. Baada ya siku chache yakageuka rangi ya kahawia, majani yakawa manjano na kupukutika. Matunda yakabaki uchi, jua likayachoma, na yale yaliyosalia yakawa na vigaga ambavyo mnunuzi hataki hata kuvitazama.

Nalikwenda kwa muuza dawa mmoja, akanipa chupa, nami nikanyunyizia matuta yangu yote, nisibakize hata moja. Baada ya majuma mawili ugonjwa ulisimama na majani mapya yakachipuka. Nikafurahi sana, nikaisifu dawa ile kila nilipokwenda. Jirani yangu, mzee wa makamo ya baba yangu, aliponisikia aliuza mbuzi wake mmoja akanunua dawa ile ile. Masika ya pili mvua zilinyesha mfululizo. Mzee alinyunyiza kama nilivyomwagiza, lakini pilipili zake zote ziliharibika, na zangu vile vile. Nilipokwenda kumpa pole hakunilaumu. Alisema tu, "Mwanangu, mimi sikununua dawa. Nalinunua neno lako, kwa kuwa wewe ni mtu wa kalamu."

Ndugu zangu, maneno hayo yaliniondolea usingizi. Ndipo nilipoanza kuuliza na kusoma, hata nikaelewa kosa langu. Majuma yale mawili niliyoyahesabu kuwa ni kazi ya dawa, yalikuwa ndiyo majuma mvua ilipokatika. Ugonjwa ule huletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, nao husafiri kwa matone ya mvua yanayoruka kutoka jani hata jani, wakaingia katika matundu madogo ya jani na katika majeraha. Hupenda joto na umajimaji. Mvua ikikoma, nao hupoa. Kama ningaliacha tuta moja bila dawa, tuta lile lingaliniambia ya kuwa nalo linapona. Lakini sikuacha, basi sikuwa na shahidi.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Mwaka 1921 bibi mmoja mtaalamu, Ethel Doidge, aliueleza huko Afrika ya Kusini katika nyanya, na mwaka huo huo wataalamu wa Marekani nao wakauandika. Huishi ndani ya mbegu na juu yake, katika mabaki ya mimea, na katika mikono ya mtu apitaye shambani majani yakiwa yamelowa. Nami lazima niseme wazi, maana wengi hukosea: dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya ukungu haziwezi kitu juu ya bakteria.

Dawa ya zamani iliyotumainiwa ni shaba, nanyi mnaotoka Kilimanjaro mwaijua kwa jina la mrututu, kwa kuwa wakulima wa kahawa wameinyunyiza tangu zamani. Asili yake ni ya kuchekesha kidogo. Huko Médoc katika Ufaransa, wenye mizabibu walikuwa wakipaka mrututu na chokaa katika mizabibu iliyo kando ya barabara, ili ionekane mibaya na wapita njia wasiibe zabibu. Mwaka 1882 mwalimu mmoja wa chuo cha Bordeaux, jina lake Millardet, aliona ya kuwa mizabibu ile ya kando ya njia ina majani mazima, na ile ya ndani imepukutika kwa ugonjwa. Angalieni, mabwana: mizabibu ile isiyopakwa ndiyo iliyomfumbua macho. Lakini hakutoka siku ile ile kuitangaza dawa. Alijaribu, akajaribu tena, hata mwaka 1885 ndipo alipotoa habari zake.

Basi mtu aweza kusema, "Ikiwa shaba imekwisha kujaribiwa, ya nini kujaribu tena?" Jibu laweza kupatikana Florida, katika Marekani, penye joto na mvua, ambako pilipili hoho hulimwa kwa wingi. Wakulima wa huko walitumia dawa ya streptomaisini, ile ile iliyogunduliwa mwaka 1943 na kutumiwa kutibu kifua kikuu cha wanadamu. Mwanzoni ilifaa. Lakini mwaka 1962 watafiti waliandika ya kuwa bakteria wa pilipili wamekwisha kuizoea. Wakabaki na shaba. Mwaka 1983 watafiti wa Florida walionyesha katika pilipili ya kuwa wako bakteria wanaoistahimili shaba nayo, na ya kuwa shaba peke yake haiwazuii. Ikichanganywa na dawa iitwayo mankozebu hufanya kazi bora kidogo. Kwa hiyo dawa iliyokuwa kweli jana yaweza kuwa uongo leo, kwa kuwa adui hakulala.

Ndipo wakatafuta njia nyingine. Wako virusi ambao chakula chao ni bakteria tu, wala hawamdhuru mtu wala mmea. Huitwa bakteriofaji, Twort aliwaona Uingereza mwaka 1915, na d'Hérelle katika Ufaransa mwaka 1917. Wataalamu waliwanyunyiza juu ya nyanya zenye ugonjwa huu. Katika chumba cha kazi waliua bakteria vizuri sana. Shambani walikufa upesi, kwa kuwa mwanga wa jua huwaangamiza. Basi walijaribu kunyunyiza jioni badala ya asubuhi, na kuchanganya na maziwa ya unga na sukari ili viwe kama mwavuli, na mwaka 2003 walieleza ya kuwa hivyo ilifaa zaidi. Mwaka 2005 serikali ya Marekani iliiandikisha dawa ya namna hii kwa nyanya na pilipili. Nimeitaja habari hii kwa sababu yaonyesha wazi ya kuwa chumba cha kazi hakina jua wala mvua. Shamba linavyo vyote viwili, na ndilo litoalo hukumu.

Sasa, jaribio la haki hufanywaje? Nitawaeleza nilivyofanya mwenyewe msimu uliofuata, kwa kufuata njia iliyofundishwa na Bwana Fisher, aliyeanza kazi katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, na kuandika kitabu chake juu ya kupanga majaribio mwaka 1935.

Nilichukua matuta kumi na mawili. Niliyagawa mafungu manne, kutoka juu ya mteremko hata chini kando ya kijito, kwa sababu chini pana unyevu zaidi kuliko juu. Katika kila fungu tuta moja lilipata shaba, moja lilipata dawa ya chupa, na moja halikupata kitu ila maji matupu. Lipi lipate nini sikuchagua mimi. Maana mtu, hata asipokusudia, huipa dawa aipendayo tuta zuri. Niliandika vikaratasi, nikavikunja, nikatia katika kofia, na mwanangu akavitoa kimoja kimoja. Katikati ya matuta nilipanda mistari ya kuzuia, ili dawa ya tuta moja isipeperushwe na upepo hata tuta la pili. Kila tuta nililiwekea namba tu. Na kila Jumamosi karani mwenzangu, ambaye hakujua namba ipi ni dawa ipi, alitazama majani na kuandika sehemu iliyoharibika. Siku za kuvuna tulipima matunda yafaayo kuuzwa mbali, na mabovu mbali.

Watu walinicheka. "Huyu ameacha matuta manne yafe bure!" Nami niliwaambia ya kuwa huko Rothamsted, katika shamba la ngano liitwalo Broadbalk, kiko kipande kisichotiwa mbolea tangu mwaka 1843. Kama wao wamekitunza miaka yote hiyo ili wapate cha kulinganisha, mimi ni nani nisiyaache matuta manne kwa msimu mmoja?

Matokeo yalikuwaje? Ningependa kuwaambia jambo la kushangaza, lakini daftari halikubali. Dawa ya chupa haikupambanuka na maji matupu. Matuta ya shaba yalikuwa na nafuu kidogo katika mafungu matatu. Katika fungu la nne, kando ya kijito, hayakupita yale ya maji. Hayo ni ya shamba moja na msimu mmoja, kwa hiyo sisemi zaidi. Lakini sitasema tena mbele ya mzee yeyote ya kuwa chupa ile huponya.

Mambo mengine hayagharimu mbuzi, nami nawasihi myashike: msitwae mbegu katika shamba lenye ugonjwa, mbegu mnayoitilia shaka iloweke katika maji ya moto wa digrii karibu 52 kwa dakika 30, kwa kipimajoto wala si kwa kidole, kisha mwikaushe, msiingie shambani majani yakiwa yamelowa, mfukie au mchome mabaki, tena mbadilishe mazao.

Ndugu zangu, sisi makarani twatambua hesabu iliyosawazishwa na isiyosawazishwa. Hatumruhusu mtu kuandika mapato akaacha matumizi. Mbona basi twasifu dawa kwa kuhesabu matuta yaliyopona tu? Watu wa vijijini hutuamini kwa ajili ya kalamu zetu, na imani hiyo huligeuza neno letu la ovyo kuwa hasara ya mtu mwingine.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali ya kuwa masika yajayo wanachama watatu wenye bustani mahali mbalimbali wafanye jaribio kama hili, kwa dawa zile zile na daftari la namna moja, na habari zao zisomwe hapa, zikiwa njema au mbaya. Jina langu liandikwe la kwanza.

Mbuzi wa mzee nimekwisha kumlipa. Alimpokea, akashukuru, kisha akaniuliza, "Na mwaka huu, mwanangu, wasemaje?" Nikamwambia, "Baba, njoo Jumamosi utazame matuta mwenyewe." Naye huja kila Jumamosi.