Mkopo, Vikwazo na Thamani ya Sahihi

Vikwazo vya kiuchumi si jambo geni masikioni mwa wananchi wa Uganda. Mnamo tarehe 10 Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter wa Marekani alitia sahihi sheria iliyopiga marufuku kahawa na bidhaa nyingine za Uganda kuingia katika nchi yake. Wakati huo kahawa ndiyo iliyokuwa ikiiletea Uganda karibu fedha zake zote za kigeni, na Marekani ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wake wakubwa kabisa. Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1979, baada ya serikali ya Idi Amin kuangushwa mwezi wa Aprili.

Liko jambo moja katika habari hiyo ambalo halisemwi mara nyingi. Sheria ile ya mwaka 1978 kwa asili yake ilikuwa sheria ya mikopo. Ilihusu mchango wa Marekani katika mpango mmoja wa kukopesha wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na kifungu cha Uganda kilipachikwa humo ndani. Hivyo tangu zamani mikopo na vikwazo vimekwenda bega kwa bega. Tofauti ya leo ni kwamba kifungu cha vikwazo kimetoka katika vitabu vya sheria vya nchi za mbali, kikaingia katika mkataba wa mkopo wenyewe, ambao hutiwa sahihi hapa hapa Kampala, na Waziri anapokopea taifa na mfanyabiashara anapokopea kampuni yake.

Ndugu wasikilizaji, yafaa kwanza kueleza vikwazo hivi hutoka wapi. Viko vinavyowekwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Hivyo huzifunga nchi zote wanachama kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja huo, ambao Uganda ilijiunga nao Oktoba 1962. Viko vinavyowekwa na nchi za eneo moja kwa shauri lao wenyewe. Na viko vinavyowekwa na mataifa yenye nguvu ya fedha, kama vile Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya, kwa sheria zao wenyewe.

Haifai mtu kudhani kwamba silaha hii ni ya wageni pekee. Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alipotwaa madaraka nchini Burundi, viongozi wa eneo hili, Uganda ikiwamo, walikutana Arusha mwisho wa mwezi huo huo wakaiwekea Burundi vikwazo. Vikwazo hivyo vilisimamishwa Januari 1999. Desemba 2009, Uganda ilipokuwa mjumbe wa Baraza la Usalama, ndiyo iliyopeleka mbele azimio namba 1907 lililoiwekea Eritrea vikwazo, ambavyo viliondolewa Novemba 2018. Nao askari wa Uganda, walioanza kufika Mogadishu Machi 2007, wanaelewa vyema kwa nini Baraza la Usalama lilipiga marufuku biashara ya mkaa wa Somalia Februari 2012. Fedha za mkaa ule zilikuwa zikiwanunulia Al-Shabaab risasi, na risasi zile zilielekezwa kwa askari hao hao.

Zamani vikwazo viliwekewa nchi nzima, na mkulima asiye na hatia aliumia pamoja na mtawala. Siku hizi vikwazo vingi huwekewa watu na makampuni kwa majina yao. Jina likiingia katika orodha, mali ya mwenye jina huzuiwa, na mabenki hukatazwa kushughulika naye. Badiliko hili ndilo lililouleta mzigo katika mikataba ya mikopo, kwa sababu mkopeshaji sasa hatosheki kuuliza kama mkopaji ana uwezo wa kulipa. Huuliza pia mkopaji ni nani, yu pamoja na nani, na fedha zitamfikia nani.

Majibu ya maswali hayo huandikwa katika mkataba kwa namna ya ahadi, na kwa kawaida ahadi hizo ni nne. Ya kwanza, mkopaji huthibitisha kwamba yeye, wakurugenzi wake na wenye hisa wake hawamo katika orodha yoyote ya vikwazo. Ya pili, huahidi kwamba fedha za mkopo hazitatumika kwa faida ya mtu aliyeorodheshwa. Ya tatu, huahidi kwamba hatalipa deni kwa fedha zilizotokana na biashara na mtu wa namna hiyo. Ya nne, huahidi kumwarifu mkopeshaji bila kuchelewa endapo jambo lolote kati ya hayo litabadilika.

Chukua mfano wa kampuni ya uchukuzi iliyokopa dola ili kununua malori ya kupeleka saruji Juba. Malori yamenunuliwa, kazi inaendelea, na marejesho yanalipwa kila mwezi. Kisha mwenye kampuni anauza nusu ya hisa kwa mshirika mpya, asiulize habari zake, wala asiiarifu benki. Kumbe mshirika yule jina lake limo katika orodha. Hata kama hakuna shilingi moja iliyocheleweshwa, mkataba umekwisha kuvunjwa. Benki yaweza kusimamisha sehemu ya mkopo ambayo haijatolewa, na yaweza kudai deni lote lililobaki lilipwe mara moja. Zaidi ya hayo, mikataba mingi husema kwamba mkopaji akivunja mkataba mmoja, wakopeshaji wake wengine nao wapata haki ya kudai. Kwa hiyo kosa dogo la kutouliza laweza kuiangusha kampuni nzima, na madereva na mataniboi wakakosa kazi.

Mtu aweza kushangaa kwa nini mabenki yana woga kiasi hicho. Sababu yake ni adhabu. Mwezi wa Juni 2014 benki ya BNP Paribas ya Ufaransa ilikiri makosa mbele ya mamlaka za Marekani, ikakubali kulipa karibu dola bilioni 9, kwa kuwa ilipitisha fedha za wateja wa Sudan, Iran na Cuba katika njia za mabenki ya Marekani. Benki ile haikuwa ya Marekani, na wateja wale hawakuwa Wamarekani. Lakini malipo ya dola, hata yakitoka Kampala kwenda Dubai, kwa kawaida hupitia katika mabenki ya New York, na hapo ndipo sheria ya Marekani inapoyashika. Benki iliyoona adhabu ile haiwezi kumwonea haya mteja wake.

Askari atauliza, haya yote yamhusu nini yeye aliye kambini au katika kituo cha polisi? Yamhusu kwa njia nyingi kuliko inavyodhaniwa.

Kwanza, historia ya karibu imefika mlangoni pake. Tarehe 29 Machi 2007 Umoja wa Mataifa uliyaweka katika orodha yake makampuni mawili ya dhahabu ya hapa Kampala, Uganda Commercial Impex na Machanga, kwa kununua dhahabu kutoka kwa wafanyabiashara wa Kongo waliokuwa na uhusiano na makundi ya silaha. Machi 2022 Marekani ikakiorodhesha kiwanda cha kusafisha dhahabu cha African Gold Refinery cha Entebbe. Wala orodha haikuishia kwa wafanyabiashara. Septemba 2019 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimtia katika orodha Jenerali Kale Kayihura, aliyepata kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi, na Desemba 2021 ikamtia Meja Jenerali Abel Kandiho, aliyekuwa wakati ule Mkuu wa Upelelezi wa Kijeshi, hatua ambayo jeshi liliilalamikia. Ikumbukwe kwamba kuorodheshwa si hukumu ya mahakama. Ni uamuzi wa serikali, na aliyeorodheshwa aweza kuomba jina lake liondolewe. Hata hivyo benki haingoji mahakama. Siku jina linapotangazwa, ndiyo siku milango inapofungwa.

Pili, katika kanuni za Marekani, kampuni ambayo nusu au zaidi ya hisa zake ni mali ya walioorodheshwa huhesabiwa kuwa imezuiwa, hata kama jina lake lenyewe halikutajwa. Hapa pana hatari kwa kila askari mwenye shamba, nyumba ya kupangisha au biashara ya familia. Huenda shemeji au rafiki akamjia na kumwambia, "Afande, nisaidie jina lako tu katika karatasi za kampuni, kazi yote nitafanya mimi." Askari akitia sahihi kwa hisani, amejifunga na kila mtu aliye nyuma ya karatasi zile, awafahamu asiwafahamu. Ni vivyo hivyo kwa anayekubali kuwa mdhamini wa mkopo ambao hakuusoma. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Na katika mambo ya vikwazo matanga hayo humfika hata aliyealikwa tu harusini.

Tatu, vyama vya kuweka na kukopa vya majeshi, Wazalendo kwa jeshi na Exodus kwa polisi, vimejengwa kwa akiba ya maelfu ya askari. Chama cha namna hiyo kikitaka kukopa kwa mkopeshaji mkubwa, heshima ya viongozi wake na usafi wa hesabu zake ndivyo vitakavyotazamwa. Mwanachama anayedanganya chanzo cha fedha zake anachezea akiba ya wenzake, wakiwamo wajane na yatima.

Nne, na kubwa zaidi, ni deni la taifa. Ibara ya 159 ya Katiba ya mwaka 1995 yaagiza kwamba serikali isikope bila idhini ya Bunge, na Ibara ya 119 yataka mikataba ya serikali ipitie kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wanasheria hao hutoa ahadi kwa niaba ya Uganda nzima. Lakini mwanasheria aliye ofisini hawezi kujua ni shehena gani iliyovuka mpaka usiku huko Mpondwe au Elegu. Anayejua ni askari wa zamu. Ofisa anayefumba macho kwa ajili ya bahasha, dhahabu isiyo na hati ikapita, au shehena ya silaha ikaelekea Sudan Kusini, ambako Baraza la Usalama liliweka marufuku ya silaha Julai 2018, anaivunjia nchi yake ahadi ambayo hakuwapo wakati ilipoandikwa.

Wako wanaosema kwamba vifungu hivi ni ukoloni wa namna mpya, na kwamba taifa huru halipaswi kuulizwa maswali na karani wa benki. Hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Vikwazo vya dola moja, visivyopitishwa na Umoja wa Mataifa, vinabishaniwa duniani kote, na nchi ndogo haina sauti katika kuviweka wala kuviondoa. Lakini mahali pa kubishana ni mezani, kabla ya kutia sahihi. Mkopaji hodari huomba kifungu kitaje orodha zipi zinazohusika, badala ya kusema vikwazo vyote vya dunia. Huomba athibitishe yale anayoyajua baada ya kuchunguza, asijifunge kwa yale yasiyoweza kujulikana. Huomba apewe siku za kurekebisha kasoro kabla deni lote halijadaiwa. Asiyeomba hayo, akatia sahihi kwa haraka ya kupata fedha, kisha akalalamikia ukoloni siku ya kudaiwa, ameuacha uhuru wake mezani kwa mikono yake mwenyewe.

Uganda yenyewe imekwisha kuonja uchungu wa kutiliwa shaka. Kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024 ilikuwa katika orodha ya nchi zilizo chini ya uangalizi wa chombo cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu. Nchi ilitoka katika orodha hiyo kwa kazi: sheria zilirekebishwa, na kesi za fedha haramu zikachunguzwa. Katika kazi hiyo mchango wa wapelelezi wa polisi ulikuwa wa lazima, kwani Mamlaka ya Upelelezi wa Fedha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, hukusanya taarifa za mabenki, lakini hapana budi awepo mpelelezi wa kuzifuata hadi mlangoni.

Wajibu wa askari na polisi, basi, si mgumu kuueleza. Asome kila karatasi kabla ya kuitia sahihi, na asiyoielewa amwulize mwanasheria wa kikosi au ofisa wa chama chake. Asiazime jina lake. Amwulize mshirika wake wa biashara ni nani mwenye mali hasa. Biashara ikibadili wenyewe, benki iarifiwe mapema, kwa kuwa anayejitangulia kusema husikilizwa kuliko anayegunduliwa. Na awapo zamu, mpakani au katika kizuizi cha barabarani, akumbuke kwamba hati anayoikagua yaweza kuwa na uzito kuliko bunduki aliyoibeba.

Askari hula kiapo mara moja, akakishika miaka yote ya utumishi wake. Mkataba wa mkopo nao ni kiapo cha aina yake, na anayeufunga huaminiwa kwa kadiri anavyotimiza neno lake. Dawa ya deni ni kulipa, lakini deni hulipika vyema pale tu ambapo aliyelikopa alijua, tangu siku ya kwanza, alichoahidi.