Lango Limefunguliwa, Lakini Darasani Je?

Mwezi Januari mwaka 1997 Serikali ya Uganda ilianzisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Katika hatua ya kwanza, Serikali ilichukua jukumu la kulipa ada ya watoto 4 wa kila familia. Pamoja na hayo ilitolewa amri moja ambayo haina budi kukumbukwa na kila mzazi wa Afrika Mashariki: endapo katika familia yumo mtoto mwenye ulemavu, basi huyo ahesabiwe mwanzo kabisa miongoni mwa hao 4.

Uzito wa amri hiyo unaeleweka vizuri na yeyote aliyelelewa katika nyumba yenye watoto wengi na fedha chache. Kwa miaka mingi, baba alipohesabu akiba yake na kuona haitoshi ada ya wote, aliyebakizwa nyumbani alikuwa yule asiyeona, au asiyesikia, au yule ambaye miguu yake haikuwa na nguvu. Hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba elimu kwake ni hasara. Uganda iliupindua mpango huo. Aliyekuwa wa mwisho akawekwa mbele.

Uamuzi huo haukuzuka ghafla. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilikwisha kutamka wajibu wa kuiendeleza lugha ya alama ya viziwi, na kifungu chake cha 78 kinawapa watu wenye ulemavu wawakilishi wao katika Bunge. Inafaa wapiganaji wajue kwamba kifungu hicho hicho ndicho kinachowapa viti wawakilishi wa jeshi, vijana na wafanyakazi. Kwa maneno mengine, walioitunga Katiba hiyo hawakuwaona watu wenye ulemavu kuwa ni watu wa kuhurumiwa tu, bali waliwaona kuwa ni sehemu ya Taifa yenye sauti yake.

Hata hivyo, kulifungua lango ni jambo moja, na kumfundisha aliyeingia ni jambo jingine. Mwaka 1996 shule za msingi za Uganda zilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 3. Mwaka uliofuata walizidi milioni 5. Walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo, wala madarasa, wala vitabu. Mwalimu mmoja alijikuta amesimama mbele ya bahari ya vichwa, chaki mkononi. Miongoni mwa watoto hao alikuwamo mwenye usikivu hafifu aliyeketi nyuma kabisa karibu na mlango, na mwalimu alisoma somo huku ameuelekea ubao. Mtoto wa namna hiyo haoni midomo ya mwalimu, na sauti haimfikii. Muhula wa kwanza huitwa mtukutu. Muhula wa pili huitwa mzito. Mwaka wa pili hurudi nyumbani kuchunga mbuzi. Hakuna aliyemfukuza. Aliachwa nyuma hali ameketi ndani ya darasa.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Sheria yaweza kumfikisha mtoto mlangoni, lakini hapati elimu mpaka awepo mtu wa kutambua mapema ni nini kinachomzuia kujifunza, na mwalimu anayejua namna ya kukikabili kizuizi hicho.

Jirani zetu wa Kenya walianza kulishughulikia jambo hilo zamani. Mwaka 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya wasioona mjini Thika. Mwaka 1984 Kenya ilianza kuweka vituo vya tathmini, ambamo mtoto hupimwa usikivu wake, macho yake, viungo vyake na uwezo wake wa kuelewa, kisha mzazi hupewa ushauri kuhusu shule na msaada unaomfaa. Mwaka 1986 ikaundwa Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, yenye kazi ya kuwafunza walimu. Uganda nayo ilikuwa na chuo chake cha taifa cha elimu maalumu huko Kyambogo, ambacho mwaka 2003 kiliunganishwa na vyuo vingine viwili vya hapo kukaundwa Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Askari anaelewa kwa nini tathmini hutangulia. Hakuna kamanda anayekipeleka kikosi mbele bila ya kwanza kupata habari za ardhi iliyo mbele yake. Mtoto anayechanganya herufi kila anaposoma aweza kuwa na akili kali kabisa; kinachomsumbua ni namna ubongo wake unavyoyapokea maandishi. Kumchapa viboko hakumponyi. Mtoto mwenye ualbino aweza kushindwa kunakili ubaoni kwa sababu uoni wake ni hafifu na mwanga mkali wa dirishani humuumiza. Mwalimu asiyejua humwandika kuwa ni mvivu. Mwalimu anayejua humhamisha mbele, mbali na mwanga, na kumwandikia kwa herufi kubwa.

Na hapa yapo mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa. Yapo mahitaji ambayo ni lazima yagharimiwe: mashine za nukta nundu na karatasi zake nene, vifaa vya kusikilizia, viti vya magurudumu, njia za mteremko badala ya ngazi, na vyoo ambavyo mtoto wa kiti cha magurudumu aweza kuingia. Hayo yanataka fedha, na Serikali haziwezi kukwepa wajibu huo. Lakini yapo mengine yasiyogharimu hata senti moja. Kuwageukia wanafunzi wakati wa kusema. Kusoma kwa sauti kila kinachoandikwa ubaoni, ili asiyeona naye apate. Kulikata somo refu katika vipande vifupi. Kumwongezea muda anayeandika polepole. Kumketisha jirani yake mwenzake atakayemsaidia bila ya kumdhihaki. Mambo hayo humfaa mtoto mwenye ulemavu, na huwafaa vilevile wenzake wote.

Wapo wanaouliza: je, si afadhali watoto hawa wawe na shule zao wenyewe? Swali hilo ni la haki. Mtoto kiziwi anahitaji wenzake na walimu wanaoijua lugha ya alama, la sivyo atakuwa mpweke katikati ya umati. Shule maalumu bado zina kazi yake. Lakini shule hizo ni chache, nyingi ni za bweni na ziko mbali, na haziwezi kuwachukua wote. Ndiyo sababu mwaka 1994 wajumbe wa Serikali 92 waliokutana Salamanca, nchini Hispania, walikubaliana kwamba shule za kawaida zifunguliwe na kutengenezwa ziwafae watoto wote. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na kifungu chake cha 24 kinahusu elimu. Kenya na Uganda ziliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo habari hii ya majirani ni habari yetu pia. Tumetia saini ahadi ile ile.

Ndugu wapiganaji na askari, jambo hili lina uzito wa pekee kwenu. Wahenga walisema: hujafa hujaumbika. Vita vya kaskazini mwa Uganda, vilivyodumu miaka ipatayo 20, viliwaacha askari na raia, wakubwa kwa watoto, wakiwa hawana mguu au mkono kwa sababu ya mabomu ya ardhini. Waliotoka asubuhi wakiwa wazima walirudi jioni wakibebwa. Jeshi lolote lenye heshima halimwachi majeruhi wake uwanjani. Basi taifa lenye heshima litamwachaje mtoto wake kwenye dawati la nyuma?

Aidha, askari ni mtu wa uhamisho. Mtoto ambaye mwalimu wa kituo cha zamani alikwisha kumwelewa hujikuta katika shule mpya, mbele ya mwalimu asiyemjua, na safari huanza upya. Mzazi mwenye busara atachukua karatasi za vipimo vya mtoto huyo kama anavyochukua kadi yake ya chanjo, na siku ya kwanza atakwenda kuonana na mwalimu ana kwa ana, ampe maelezo.

Kwa upande wa askari polisi, wapo watoto wanaofichwa ndani kwa sababu ya aibu ya wazazi. Sheria ya Watoto iliyotungwa nchini Uganda mwaka 1996 iliwapa wazazi, pamoja na Dola, wajibu wa kuhakikisha kwamba mtoto mwenye ulemavu anapimwa mapema iwezekanavyo na kupata nafasi sawa ya elimu. Askari anayekutana na mtoto aliyefungiwa ndani anapaswa kuona kwamba mbele yake kuna haki iliyovunjwa, na si siri ya familia ya watu.

Hata lugha yetu yatufunza jambo. Kwa muda mrefu tumesema kiwete, kipofu, kilema, tukamweka binadamu katika ngeli moja na kiti na kikapu. Leo tunasema mtu mwenye ulemavu, na mtu ametangulia. Uganda ilifanya hivyo mwaka 1997 ilipomtaja mtoto huyo mwanzo katika orodha ya ada. Kazi iliyobaki, kwa majirani na kwetu sisi, ni kuhakikisha kwamba baada ya kutajwa mwanzo langoni, hasahauliwi darasani.