Kubashiri Rangi na Maumbile ya Vifaranga Unapochanganya Mbegu za Kuku

Mada kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji na chotara, pamoja na maafisa ugani



Swali ambalo wafugaji huuliza kila mara ni hili: nina jogoo mwekundu wa Rhode Island na majike weusi wa Malawi, vifaranga watatoka rangi gani? Jibu lipo: watatoka weusi, na wakikua wengi wataonyesha wekundu kidogo shingoni. Lakini jibu hilo halipatikani kwa kumtazama jogoo peke yake. Lazima umjue jogoo, uwajue majike, kisha ujue wote hao wamezaliwa na nani. Hilo la mwisho ndilo tunalolipuuza tunapokwenda mnadani kutafuta jogoo wa kubadilisha damu. Tunanunua manyoya.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1902 William Bateson wa Cambridge alionyesha kwamba kanuni za urithi alizozigundua Mendel kwenye njegere zinafanya kazi kwa wanyama pia, na ushahidi wake mkubwa ulikuwa upanga wa kuku. Mwaka 1908 William Spillman wa Marekani akaandika kuhusu kuku wa Plymouth Rock wenye michirizi myeusi na myeupe, akaeleza kwamba michirizi ile hurithiwa kwa kufuata jinsia. Nitakaa zaidi kwenye jambo hili la Spillman kwa sababu lina fedha ndani yake.

Kwa kuku, jike ndiye mwenye kromosomu za jinsia zisizofanana: ana Z moja na W moja. Jogoo ana Z mbili. Kwa hiyo binti hupata Z yake kwa baba tu. Mama humpa W. Mtoto wa kiume hupata Z moja kwa kila mzazi. Jeni ya michirizi imekaa kwenye Z, na ina nguvu: ikiwapo hata moja, inaonekana.

Sasa chukua jogoo mwekundu wa Rhode Island asiye na michirizi, umpe majike wa Plymouth Rock wenye michirizi. Kila kifaranga dume atapata michirizi kwa mama yake. Kila kifaranga jike ataikosa. Siku ya kutotolewa wote ni weusi, lakini mshike mmoja mmoja kwenye mwanga, mgeuze utazame kisogo. Dume ana doa jeupe, wakati mwingine limesambaa kama vumbi la unga, wala halina mpaka mkali. Jike kichwa chake ni cheusi. Fanya kazi hii kifaranga akiwa amekauka vizuri, kwa kuwa manyoya yaliyolowa hulificha doa. Anayeuza vifaranga wa mayai anaweza kuwatenga siku hiyohiyo, bila kumwita mtaalamu wa kukagua jinsia, na bila kuwalisha madume miezi miwili kabla ya kuwatambua.

Kuna njia ya pili inayotumia Z hiyohiyo. Jogoo wa rangi ya dhahabu, yaani mwekundu au kahawia, akipanda majike wenye jeni ya fedha kama Light Sussex, madume hutoka weupe au njano mpauko na majike hutoka kahawia. Wanaonunua vifaranga wa ISA Brown wanalijua hili kwa macho: wale wa kahawia ndio watakaotaga.

Geuza mchanganyo uone. Ukiweka jogoo wa michirizi juu ya majike wekundu, vifaranga wote, dume kwa jike, watakuwa na michirizi, na huna tena cha kuwatenganishia. Mbegu ni zilezile mbili, banda ni lilelile, kilichobadilika ni nani kasimama upande gani. Vilevile usimchukue pora aliyetoka kwenye mchanganyo wa kwanza ukamfanya baba wa kizazi kijacho. Huyo ana michirizi kwenye Z moja tu, kwa hiyo ataigawa nusu kwa nusu kwa watoto wa kiume na wa kike. Kila msimu rudi kwenye mbegu safi za awali.

Sifa nyingine hazifuati jinsia, lakini huonyesha kipimo chake waziwazi. Kishingo ni mfano mzuri. Kishingo mwenye jeni mbili za shingo tupu ana shingo karibu yote wazi. Mwenye jeni moja hubakiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo, juu kidogo ya kifua. Wa kwanza akichanganywa na kuku wa kawaida, watoto wote watakuwa vishingo wenye kishada. Wa pili atatoa nusu vishingo na nusu wa kawaida. Kwa wafugaji wa Tanga, Pwani na Dar es Salaam naona huyu ni kuku anayedharauliwa bure. Upungufu wa manyoya humsaidia kutoa joto mwilini, na kwenye joto kali hilo lina thamani kuliko urembo wa shingo.

Kidimu, yule wa manyoya yaliyopinda kuelekea nje, anahitaji tahadhari. Kidimu kwa kuku wa kawaida hutoa nusu kwa nusu, hakuna tatizo. Kidimu kwa kidimu, robo ya vifaranga hupata jeni mbili, na manyoya yao huwa dhaifu, hukatika hadi ngozi ikabaki wazi. Msiwapandishe wao kwa wao.

Kuhusu kuku wa kijivu, katika mbegu ya Andalusian kijivu ni rangi ya katikati. Kijivu kwa kijivu hutoa robo weusi, nusu kijivu na robo weupe wenye madoa. Anayetaka kijivu watupu achanganye mweusi na huyo mweupe wa madoa. Lakini si kila kijivu cha kijijini kimetokana na jeni hiyo. Ipo nyingine inayojificha, na ambayo wazazi wawili wakiionyesha watoto wote huwa nayo.

Kujificha huko ndiko kunakowashangaza watu. Wyandotte wana upanga bapa wenye vinundu, na bado kila mara hutokea kifaranga mwenye upanga mmoja uliosimama. Upanga bapa unautawala ule wa kusimama, hivyo kuku anaweza kuubeba bila kuuonyesha. Tena majogoo wenye jeni mbili za upanga bapa hupungukiwa uwezo wa kurutubisha mayai, kwa hiyo wale wenye moja ndio huacha watoto wengi. Kumpima jogoo wa namna hiyo ni rahisi: mpe majike wenye upanga wa kusimama. Kifaranga mmoja tu mwenye upanga wa kusimama anatosha kumfichua. Kama kweli anauficha, nafasi ya kupata vifaranga 7 bila hata mmoja wa hao ni 1 katika 128.

Na hapa niseme neno kuhusu hesabu ndogo. Robo haina maana kwamba kila vifaranga 4 watakuwa na mmoja. Kijivu kwa kijivu wakitotoa 8, mara moja katika kumi hutamwona mweusi kabisa. Msilaumu kanuni kwa sababu ya mtago mmoja.

Uzito na idadi ya mayai havitabiriki hivi. Hizo ni sifa za jeni nyingi pamoja na chakula, chanjo na banda. Kuroiler na Sasso tunaowafuga ni matokeo ya mchanganyo uliopangwa; ukiwazalisha wao kwa wao, watoto hutawanyika, wengine wazito, wengine wepesi, rangi kila aina. Chotara mzuri hapaswi kuuzwa kama mbegu, na ninaomba maafisa ugani waliseme hili bila kuwaonea haya wauzaji.

Anayetaka kujaribu aanze na mchanganyo mmoja tu: jogoo mwekundu, majike watano wenye michirizi, banda lao peke yao. Kama majike hao walikuwa na jogoo mwingine, subiri wiki tatu baada ya kumtoa ndipo ukusanye mayai ya kutotolesha, kwa maana mbegu yake hubaki mwilini mwa jike. Mfunge kila mzazi pete mguuni, andika namba yake daftarini, na siku ya kutotoa andika vichwa vyenye doa na visivyo na doa kabla hujawapeleka vifaranga kwenye taa.