Mwenye Skrini Ndiye Mwenyeji



Leo tunazungumzia jambo lililokuwa la wataalamu peke yao, ambalo sasa limeingia majumbani na katika biashara ndogo: kuendesha programu iliyomo katika kompyuta ya mbali, huku madirisha yake yakionekana kwenye skrini iliyo mbele yako. Mwanafunzi yuko nyumbani, programu ya takwimu iko chuoni. Mhasibu yuko dukani, vitabu vya hesabu vimo katika kompyuta ya kukodi.

Katika kompyuta za jamii ya Unix, kazi hiyo kwa miaka mingi imefanywa na mfumo uitwao X, ulioanzishwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984. Toleo lake la 11, la mwaka 1987, lingali likitumika. Katika mfumo huu limo jambo linalowashangaza wengi: seva si ile kompyuta kubwa ya mbali, bali ni skrini yako. Programu ya mbali ndiyo mteja. Huja kwako kuomba nafasi ya kuchora dirisha, na kuomba ipewe habari za herufi unazobonyeza na mwendo wa kipanya chako. Wewe ndiwe mwenyeji, yenyewe ni mgeni.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni wa skrini, akiaminiwa kikamilifu, haishii sebuleni. Anaweza kutazama madirisha mengine ya mfumo huo na kunasa herufi zinazobonyezwa humo, pamoja na nenosiri la benki. Kwa hiyo tunashauri yafuatayo.

Kwanza, msikubali amri ya «xhost +». Baadhi ya mafundi huitumia ili kuondoa usumbufu, lakini huondoa ulinzi wa mlangoni: kompyuta yoyote inayoweza kuifikia skrini yako huruhusiwa kuingia.

Pili, tumieni njia ya SSH, iliyobuniwa Finland mwaka 1995 baada ya manenosiri kunaswa mtandaoni. Njia hiyo hufumba mawasiliano yote. Hata hivyo, hulinda barabara tu. Haimchungi mgeni aliyekwisha kuingia. Kiambatisho «-X» hukusudiwa kumwekea mgeni mipaka, na «-Y» humpa uaminifu kamili. Katika baadhi ya mifumo, «-X» nayo imepangwa kutoa uaminifu huo huo. Mwulizeni fundi kabla ya kuanza.

Tatu, unganeni na seva ambayo msimamizi wake mnamfahamu na kumwamini. Kabla ya kuungana, fungeni madirisha ya benki na ya barua. Mkimaliza kazi, katizeni muunganisho.

Mwisho, hata asiyetumia Unix ana sehemu yake katika somo hili. Anayekupigia simu akidai ni mhudumu wa wateja, kisha akakutaka upakue programu ya kumwonyesha skrini yako, anaomba ufunguo ule ule. Kata simu, kisha piga mwenyewe namba rasmi ya mtoa huduma wako.

Kumkaribisha mgeni ni haki ya mwenyeji. Kumkatalia ni haki yake pia.